Anayeonja Kwanza

Noonkopir, Kitengela
Jumapili jioni, mwisho wa Agosti. Sijaona nyumbani tangu nilipotoka baada ya Pasaka.

Nekesa, mama,

Kesho asubuhi unapanda gari la Naivasha na mimi siko hapo kukubebea sanduku. Naandika kabla giza halijaingia kwa sababu stima ya ploti imekatwa tena. Nikimaliza, jirani yangu Lemayian atapiga picha karatasi hizi kwa simu yake akutumie. Kioo cha yangu kimepasuka, picha zinatoka kama zimepigwa ndani ya maji.

Alhamisi ulinipigia ukiwa nyuma ya nyumba. Nilisikia kuku. Ulisema kazi ya kuhudumia meza umeipata, na kwamba msimamizi wa hoteli amekuuliza kama unaweza kuonja waini, kwa maana mhudumu wa huko lazima ajue kitu anachomwaga kwa glasi ya mgeni. Ulisema mama yako aliposikia hilo aliweka mwiko chini, akatoka, na tangu hapo hajakuongelesha. Kisha ukauliza, "Baba, niende ama nisiende?" Nikakuambia netiwaki ni mbaya. Netiwaki haikuwa mbaya, mama. Ni mimi niliyeogopa kukujibu.

Mambo ya sweta, na pesa ya kuficha kwa soksi, na kutokula kitu cha mtu usiyemjua ndani ya gari, sitayaandika. Mama yako ameshayasema, hata kama anaambia mbuzi huku wewe unasikia. Mimi niko na jambo moja tu.

Mama yako anaamini kwamba waini ndiyo ilimuua baba yako mdogo Simiyu, na kwamba ni mimi niliyemnywesha. Kumnywesha, nilimnywesha. Lakini haikumuua. Ninajua kilichomuua, na miaka hii yote nimemwacha mama yako aamini lile lingine. Sasa umekuwa mkubwa na uongo huo umesimama mlangoni mwako unakuzuia kutoka. Kwa hivyo nitakueleza ilivyokuwa. Soma kwanza wewe. Halafu leo hii, kabla hujalala, msomee mama yako mpaka mwisho, hata akikwambia nyamaza.

Nianze na yule uliyepewa jina lake, ambaye kwa ajili yake nimekuita mama tangu ukiwa mgongoni. Mama yangu alikuwa anapika pombe ya busaa. Wazee walikuja na mirija yao mirefu, wakaketi kuzunguka chungu, lakini hakuna aliyethubutu kutia mrija kabla yeye hajachota kwa kibuyu na kunywa mbele yao. Alimeza, akasimama hapo kidogo, wote wakimtazama.

"Mama Wekesa," mzee mmoja alizoea kumtania, "ukianguka leo tunakula kuku wako wote."

"Mguse kuku wangu muone kama sitaamka."

Ndipo waliponywa. Na karibu na chungu palikuwa na viazi vitamu, au ugali na mboga, kwa sababu mama hakutaka mtu anywe kwake tumbo likiwa tupu. Mimi nilidhani ni adabu tu ya wazee. Sikujua kwamba alikuwa anawaambia: mimi niliyepika hii niko tayari kufa nayo kwanza.

Baadaye aliokoka akaacha kupika, na kibuyu kikawa cha kuwekea mbegu za maboga.

Kazi yangu unaijua kwa jina, hujaniona nikiifanya. Lori linafika kutoka Mombasa, tunaliingia kama siafu, katoni begani, kutoka lori hadi stoo, siku nzima, vumbi la barabara ya Namanga likitukaa kwenye meno. Chupa zikivunjika ndani ya katoni, waini inamwagikia zile nyingine na lebo zinachafuka. Duka halitaki chupa ya lebo chafu. Basi tajiri alipotukalisha usiku kushusha mzigo, hakutulipa kwa saa zile. Alitupa chupa za lebo chafu. Unaweza kukataa, lakini ukikataa huongezwi kitu kingine. Mgongo wangu ulioharibika ulilipwa hivyo, kwa waini ya bei ya chini ambayo hata wenye kuiuza hawakuitaka.

Mwanzoni nilikuwa nazigawa tu kwa majirani. Siku moja tajiri akaleta mwanamke wa kufundisha wauza duka wake. Sisi tulikuwa nyuma tukipanga katoni. Kijana mmoja akamwuliza, "Madam, kati ya hizi, nzuri ni gani?" Akajibu, "Usiniulize hivyo. Niambie kwanza unakula nini." Kijana akacheka, akasema ugali na sukuma. Yule mama hakucheka. Alisema, "Sawa. Tuanzie hapo."

Neno hilo nililibeba hadi chumbani kwangu, kwa sababu chumbani kulikuwa na Simiyu.

Unamkumbuka akiwa mtu wa mzaha, aliyekubeba shingoni hadi mtoni. Hukumwona baada ya mke wake kurudi kwao. Alikuwa analala kwa mama pima, kule wanakopima chang'aa kwa glasi ndogo, na asubuhi wakimwokota kwa mtaro. Nilimtoa huko nikamleta Kitengela, nikamtafutia kazi stoo. Aliangusha katoni mbili siku ya kwanza kwa kutetemeka mikono. Wakamfukuza. Akabaki kwa chumba changu cha mabati, na nilijua nikigeuza mgongo ataenda kutafuta mama pima wa huku. Wako.

Sikujua la kufanya. Kumkataza nilishajaribu. Kumpiga pia nilijaribu, na huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja. Jumapili moja nikapika omena, wale dagaa wa ziwani, nikafungua chupa ya lebo chafu, nikammiminia kidogo kwa kikombe kama nilivyoona yule mwalimu akifanya.

Akatazama kikombe. "Hii ni nini? Unanipimia kama mtoto aliye na minyoo?"

"Ndivyo inavyonywewa."

"Na nani? Na watu wasio na wageni?"

Alikuwa na haki. Kwetu kikombe kisichojaa ni matusi. Nikamjazia hadi ikamwagika sakafuni, naye akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akakunja uso. "Wekesa, hii ni msumari. Umenipa nilambe msumari." Nikaonja mimi. Kweli. Ilikuwa nyekundu, na waini nyekundu ikikutana na omena mdomoni inageuka kuwa chuma.

Lemayian, jirani yetu, alikuwa mlangoni akituangalia. Yeye ndiye mlinzi wa stoo, mtu wa huku Kajiado. Akatusalimu kwa Kimaasai, "Sopa. Mnaua nani?" Tukamwita ndani, naye akaenda kuleta yake ya lebo chafu, nyeupe. Ile ilikuwa chachu. Tukala omena, tukanywa kidogo, na ilikuwa kama mtu amekamua ndimu juu ya samaki. Simiyu akasukuma sahani yake mbele yangu. Halafu akasema, "Ongeza ugali." Mama, sikuwa nimemsikia akiomba chakula tangu nimtoe nyumbani.

Hapo ndipo ilipoanzia. Kila Jumapili, na baadaye katikati ya wiki pia, tuliketi watatu kwenye kitanda na ndoo mbili, tukala tulichokuwa nacho na kujaribu chupa. Hatukuwa na glasi. Hatukujua majina yaliyoandikwa, na mengi yalikuwa yamefutika. Simiyu ndiye aliyekuwa na ulimi. Yeye ndiye aliyesema ile nyekundu inayokausha mdomo ni kama chai ya rangi iliyosahaulika kwa birika, na kama vile chai hiyo inavyotaka mafuta, nayo inataka nyama. Lemayian alileta mbavu za mbuzi siku alipotembelewa na ndugu zake, tukazichoma nje, na ile waini iliyokuwa imetushinda kwa maharagwe ikalainika kabisa. Maharagwe na chapati yalipenda nyekundu nyepesi, ya bei ya chini kuliko zote, ambayo ina utamu kidogo. Githeri pia. Matumbo yaliyotiwa pilipili yalikataa kila kitu kikavu, pilipili ilipanda hadi masikioni, mpaka tulipopata nyeupe tamu ikaja kuizima. Sukuma ilifanya nyekundu iwe chungu kama dawa. Mrenda hatukupata mwenzake. Simiyu alisema mrenda ni kama yeye, hauoleki.

Tulikosea sana. Siku moja Lemayian alikunywa maziwa lala juu ya waini, akatoka nje mbio huku Simiyu akimfuata akimwuliza kwa sauti ya mwalimu, "Niambie kwanza unakula nini!" Mimi niliacha chupa kwa dirisha la mabati wiki nzima ya jua, tukakuta siki. Lakini kukosea kule kulikuwa kunamfanya ndugu yangu angoje jioni. Alianza kwenda soko mwenyewe. Alianza kuosha vikombe. Chupa ikibaki nusu, alirudisha kifuniko, akaiweka chini ya kitanda hadi kesho. Mtu aliyekuwa akilamba matone ya mtungi! Mikono ikatulia. Nikafikiri nimepata dawa. Nikafikiri dawa ni ile chupa.

Kisha ukafika mwezi kama huu, na kaka yako Barasa akawa anatahiriwa. Unajua baba hawezi kukosa. Nikamwambia Simiyu tuondoke pamoja. Akakataa.

"Huko kila boma lina chungu," alisema. "Nikinusa tu nitarudi nilikotoka. Wacha nikae hapa, hapa ni salama."

"Utakaa na nani?"

"Na hizo," akaonyesha chupa.

Nikampangia. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Chupa nikazisimamisha ukutani, mbele ya kila moja nikaweka chakula chake: gunia dogo la maharagwe, omena kwa karatasi, unga. Lemayian alikuwa zamu ya usiku. Nikaondoka nikiimba.

Wewe unakumbuka sherehe. Unakumbuka nilikuwa nacheka. Siku ya tatu Lemayian alinipigia. Nilisafiri usiku kucha, nikamkuta ndugu yangu hospitalini Kajiado, kitanda cha karibu na dirisha, jua la saa sita likimpiga usoni. Aligeuza kichwa aliposikia sauti yangu. "Wekesa," akasema, "mbona mnakaa gizani?"

Alikuwa amechukua zile chupa akapeleka kwa mama pima wa nyuma ya ploti, akabadilishana. Kile alichopewa kilikuwa kimetiwa kemikali ya kiwandani. Hakuwa yeye peke yake kwenye chumba kile cha wagonjwa. Lemayian alikuwa ameenda kumwuliza yule mwanamke alikuwa anauza nini, na unajua alichojibiwa? Kwamba yeye hajui, hajawahi kuionja, yeye ameokoka.

Nilimwuliza Simiyu kwa nini. Sikumgombeza, nilitaka tu kujua. Alikuwa anapumua kwa shida. Alisema, "Siku ile umeondoka nilipika maharagwe. Nikafungua ile yake. Nikaonja. Hakukuwa na mtu wa kumwambia iko aje."

Hilo ndilo la mwisho la maana alilosema. Baada yake alikuwa anaita watu waliokufa zamani.

Mama, nimebeba katoni miaka mingi lakini hakuna mzigo kama maneno hayo. Nilimwachia kila kitu ila mtu. Chupa haikuwa inamshikilia. Lemayian na mzaha wake, mimi na sufuria yangu, kubishana kama hii ni chuma ama ndimu, hivyo ndivyo vilivyomshikilia, na mimi nilivifungasha nikaondoka navyo.

Sasa sikia la mama yako. Alikuja huku na jamaa wa ukoo kuchukua mwili. Akaingia chumbani kukusanya nguo za shemeji yake akakuta chupa tupu za Jumapili zetu zimepangwa ukutani, kwa kuwa Simiyu hakutaka kuzitupa, alipenda picha za milima kwenye lebo. Akaniuliza, "Hizi ulimnywesha wewe?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena. Nami nikamwacha hapo.

Unajua kwa nini? Mzee wa kanisa alikuwa ameshanipigia simu. Alisema kwa upole, ni mtu mpole, "Ndugu Wekesa, tumesikia maneno. Kama ni chang'aa, kanisa haliwezi kuimba kwenye kaburi hilo. Unajua sheria." Nikamwambia si chang'aa. Nikasema ni tumbo lilimsumbua. Kwa hivyo wakaja, wakaimba, wale akina mama na vitambaa vyao vyeupe, na Simiyu akateremka kama Mkristo. Mama yako alikuwa mstari wa mbele wa kina mama hao. Ningemwambia ukweli, angesimama katikati ya wimbo aseme. Unamjua. Hawezi kubeba uongo hata wa kuazima chumvi. Waini sheria ile haikuitaja, ndiyo maana kwa hilo aliweza kuimba. Basi nilichagua wimbo. Nikamnunulia ndugu yangu wimbo, na aliyeulipia ni mama yako, kwa kuishi na mtu anayemdhania alimnywesha ndugu yake mpaka akafa. Tangu siku hiyo nikirudi nyumbani ananipakulia, anakaa jikoni. Ninakula peke yangu. Wewe umekua ukiona hivyo, labda ulidhani ndivyo watu wazima wanavyokula.

Kwa hivyo mama yako alipoweka mwiko chini Alhamisi, hakuwa anakukasirikia wewe. Alimwona Simiyu. Usimjibu vibaya. Mimi ndiye niliyemwonyesha kitu ambacho hakikuwepo.

Uliuliza uende ama usiende. Nenda.

Huko watakufundisha majina, na jinsi ya kushika glasi, na utajua zaidi ya vile tulivyojua sisi watatu na ndoo zetu. Sikuogopeshi na waini. Nimeona ikimfanya mtu aombe ugali. Ninachoogopa ni chumba utakachopewa, kile cha wafanyakazi, jioni ya siku ambayo mgeni amekutukana na miguu imevimba na hakuna wa kumwambia siku ilikuwa aje. Jioni hiyo ukiona chupa na humwoni mtu, iache, toka nje, tafuta mwenzako hata kama humpendi, muulize amekula nini. Ama nipigie mimi. Sitasema netiwaki ni mbaya.

Nimesikia pia kwamba kwenye hoteli kubwa mhudumu anamiminia kidogo kwanza kwa mwenye kununua, aonje mbele ya wenzake, ndipo wengine wamiminiwe. Lemayian aliponieleza nilicheka mpaka nikakohoa. Wanavaa tai kufanya alichokuwa akifanya nyanya yako na kibuyu. Utakapokuwa umesimama hapo na chupa mkononi, ukingoja yule mtu ameze, usione aibu na usidhani umesaliti kwenu.

Giza limefika kwa karatasi, siioni mistari vizuri. Lemayian ananisubiri, ameshasema "Baba Nekesa, unaandika Biblia?" mara mbili. Bado analinda stoo ile ile. Jumapili bado tunakula pamoja, ndoo ya Simiyu tumeigeuza meza. Waini hatuonji sana siku hizi. Tukionja, hatusemi iko aje.

Mwambie mama yako maswali yake nitayajibu nikiwa mbele yake, si kwa simu. Krismasi siwezi kutoka, huo ndio wakati malori hayaishi. Lakini Januari stoo inafungwa kuhesabu mali, na wiki hiyo ya kwanza ya kufungwa ninarudi. Jumapili yake nitasimama kanisani, mbele ya yule mzee mpole na wale waliotuimbia, niseme ndugu yangu alikufa na nini. Wanaweza kunitoa kwa ushirika. Mama yako akitaka kutoka pamoja nami, ama akitaka kubaki ndani, ni yeye.

Januari hoteli huwa haina wageni wengi. Omba ruhusa uje. Nitaleta chupa moja ya lebo chafu, nyeupe, ile ya omena. Sitamwomba mama yako anywe. Nitamwomba aache jiko, aje akae mezani. Tukishakaa wote, wewe ndiye utakayeonja kwanza, halafu utuambie iko aje.

Baba yako,
Wekesa